Begi la Mkononi na Doti ya Kanga

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote zinamstahikia Allah Mtukufu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na Ahali zake na Maswahaba zake wote. 

Juma hili tumeona tuandike juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo mno kwa gazeti la dini, nalo ni begi la mkononi, lile ambalo msafiri wa ndege huruhusiwa kuingia nalo ndani na kuliweka juu ya kichwa chake au chini ya kiti. Tunaliandika kwa sababu tuna deni. Sisi tulioshika daftari la kamati ya msikiti hapa Dodoma, tuliosomea dini chuoni na kupewa shahada, tulisimama mbele ya waumini majuma kumi na mawili tukiwafundisha ibada ya Umra, na katika majuma hayo yote hatukutenga hata nusu saa ya kuzungumzia begi. Gharama ya uzembe huo hatukuilipa sisi. Aliilipa mzee wetu mmoja wa Kondoa, na kwa idhini yake, bila ya kumtaja jina, tunakisimulia kisa chake.

Swali lililoahirishwa

Darasa letu lilikuwa kila Alhamisi baada ya Isha. Uani mwa msikiti tuliweka kasha kubwa la mbao, tukalifunika kitambaa cheusi, na waumini wakajifunza kulizunguka: wapi waanzie, wapi wanyanyue mkono, wapi wasali rakaa mbili. Mzee wetu huyo, ambaye umri wake umepita miaka sabini, hakukosa hata siku moja. Akija mjini hufikia kwa mwanawe, na kila baada ya darasa alibaki peke yake akilizunguka lile kasha mara saba, mikono nyuma, akihesabu kwa sauti ya chini. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari kwa miaka mingi, na daktari alikuwa amemwambia kutembea ni sehemu ya dawa. Naye alikuwa amejiwekea ahadi kwamba Nyumba ya Allah ataizunguka kwa miguu yake mwenyewe.

Mkewe alikaa upande wa kina mama, nyuma ya pazia. Katika darasa la tatu, tulipofungua nafasi ya maswali, sauti yake ilitoka huko nyuma: "Ustaadh, na mkoba wa mkononi, tutie nini na tusitie nini?" Tulimjibu kwa upole, lakini kwa haraka ya mtu aliye na somo refu mkononi: "Tutafika huko, bibi, inshaallah." Hatukufika. Tulifundisha nguzo, wajibu na sunna. Tulifundisha yaliyoharamishwa kwa aliyehirimia. Tulizitaja Mikati zote na masafa yake. Swali la yule bibi lilibaki kwenye daftari letu, limeandikwa kwa wino wa buluu, bila jibu.

Mizani ya uwanjani

Mzee na mkewe walitoka Kondoa kwa basi, wakalala Dodoma, na asubuhi tukashuka sote Dar es Salaam kwa treni ya SGR. Katika basi na treni hakuna aliyepata taabu. Mtu wa kwetu amezoea safari ya namna hiyo: mzigo unatiwa kwenye buti, kilichobaki kinapakatwa.

Kwenye uwanja wa Julius Nyerere mambo yalibadilika. Mzee alikuwa na begi moja tu, la bega, na alidhani kwa kuwa ni moja na ni lake, basi hana la kuulizwa. Mhudumu wa kaunta alilipandisha kwenye mizani. Lilikuwa na kilo 13, na kipimo cha shirika lile kilikuwa kilo 7. Ndani yake mlikuwa na karanga za kukaanga, unga wa uwele, zabibu, na chupa mbili za asali ya kumpelekea mpwa wake anayefanya kazi Jeddah. Mhudumu hakuwa na ukali wowote. Alisema: "Mzee wangu, hili haliwezi kuingia nawe ndani. Ama upunguze, ama liende chini na mizigo mikubwa."

Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu, na baadhi ya wenzetu walikuwa wameshaanza kutuita. Hapo ndipo sisi, viongozi wa msafara, tulipotoa fatwa tusiyokuwa na elimu nayo. Tulisema: "Libandikwe kibandiko, liende chini. Tutalikuta Jeddah." Mzee alitutazama, akataka kusema jambo, kisha akanyamaza kwa heshima. Hatukumuuliza ndani mna nini zaidi ya chakula. Begi likaingia kwenye mkanda na kupotea nyuma ya pazia la mpira.

Ndani ya begi lile, chini ya unga na karanga, mlikuwa na mambo mawili: shuka zake mbili za ihram, na vichupa vya insulini pamoja na sindano zake.

Juu ya bahari

Safari yetu ilikuwa ya kuunganisha ndege, na wanaume wengi wa msafara walivaa ihram zao kwenye uwanja wa katikati, wakati wa kusubiri. Mzee alikaa kwenye kiti akiwa na kanzu yake. Tulipomwambia akajitayarishe, alijibu kwa sauti ndogo: "Ihram yangu iko kwenye lile begi, Ustaadh." Tulitafuta kwa wenzetu, na hakuna aliyekuwa na ya ziada, wote walikuwa wamezitia ihram zao za akiba kwenye mizigo mikubwa. Tulitafuta katika maduka ya uwanjani, tukakosa. Muda ukaisha, tukapanda ndege.

Kwa asiyejua uzito wa jambo hili, na afahamu kwamba mwenye kwenda Umra hapiti Mikati ila akiwa amehirimia, na msafiri wa angani huipita Mikati akiwa kwenye kiti chake. Watokao upande wetu kwa njia ile hunuia kabla ya kufika sambamba na Yalamlam, na ndege haisubiri. Rubani au mhudumu hutangaza, na dakika chache baadaye mahali pale pamebaki nyuma. Aliyepita bila kunuia, juu yake kuna kurudi au kuchinja.

Mzee alikuwa anatetemeka. Tulimweleza kwamba ihram kwa asili yake ni nia, na kwamba imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alimruhusu asiyepata shuka avae suruali. Tulikuwa tukimpangia avue kanzu na fulana, abaki na suruali, ajifunike bega kwa blanketi la ndege. Ni maneno sahihi ya kifiqhi, lakini mzee wa miaka zaidi ya sabini, aliyeuza mbuzi wake ili afike pale, alikuwa analia.

Ndipo mkewe, aliyekaa kiti cha dirishani, alipofungua mkoba wake mdogo. Akatoa doti ya kanga, vipande viwili, vimekunjwa vizuri. Akasema: "Hizi hapa. Hazijashonwa nguo. Wala hazijafukizwa udi. Nimezifua kwa sabuni ya kipande tu, maana mlisema manukato hayafai." Sisi wenye shahada tulitazamana. Nguo ya ihram kwa mwanamume ni shuka mbili zisizoshonwa kwa umbo la mwili. Weupe ni jambo linalopendekezwa, si sharti. Na doti ya kanga ni nini, kama si shuka mbili? Mama wa kwetu hasafiri bila kanga: ataifunga kiunoni, atamfunika nayo mtoto, ataisalia, ataitandika. Yule bibi hakupata jibu la swali lake darasani, akalijibu mwenyewe kwa akili ya nyumbani: mkoba wa mkononi hutiwa kile usichoweza kuachana nacho.

Mzee alikwenda msalani, akarudi amejifunga kanga moja kiunoni na nyingine mabegani, maandishi tumeyakunjia ndani. Kijana mmoja wa msafara alitaka kutabasamu, akaona uso wa mzee, akainamisha kichwa. Tangazo lilipotolewa, tulinuia pamoja, na talbiya ikaanza. Sauti yake ndiyo iliyosikika juu ya zetu.

Begi lilipofika

Tungependa kisa kiishie hapo, lakini hakikuishia hapo. Jeddah tulingoja kwenye mkanda wa mizigo mpaka ukasimama, na begi la mzee halikutoka. Lilifika Makka jioni ya siku ya pili. Usiku ule wa kwanza mzee alikuwa hana insulini, amechoka, amekula kwenye ndege chakula asichokizoea. Muuguzi mstaafu aliyekuwa pamoja nasi alimtazama, akaomba gari haraka. Hospitali ilimpokea, sukari yake ilikuwa juu sana, akatibiwa, akapewa insulini mpya. Alhamdulillah, Allah alimhifadhi.

Begi lilipofika, yule muuguzi alivitazama vile vichupa, akasema visitumike tena. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda kwa baridi huharibika hata kama itayeyuka na kuonekana nzima. Mizigo ya chini ya ndege na ile inayobaki juani uwanjani haina wa kuichunga kwa kiwango hicho.

Umra yake mzee aliifanya siku ya tatu. Tulikuwa tumemnunulia ihram nyeupe, akaikataa. Alisema zile kanga zimempokea Mikati na zitamfikisha. Lakini miguu haikuwa na nguvu, na daktari alikataza. Aliizunguka Nyumba ya Allah kwa kiti cha magurudumu, huku sisi tunakisukuma. Katika mzunguko wa nne alisema, bila kutulaumu: "Kule kwenye kasha lenu niliweza." Ndugu zetu, maneno yale tumerudi nayo Dodoma, na ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu.

Sheria zenyewe, kwa ufupi wenye faida

Jambo la kwanza ni uzito na ukubwa. Mashirika mengi yanayobeba mahujaji wetu humruhusu abiria wa daraja la kawaida begi moja la mkononi lisilozidi kilo 7, lenye urefu wa karibu sentimita 55, pamoja na mkoba mdogo. Lakini hakuna sheria moja ya dunia nzima katika hili. Kila shirika lina kipimo chake, nacho huandikwa kwenye tiketi, na ukiunganisha ndege za mashirika mawili, jipime kwa lile lenye kipimo kidogo. Wala kupima mzigo si ugeni katika ardhi hii. Misafara ya zamani iliyopita Mpwapwa na Ugogo ikielekea Tabora na Ujiji iliipima mizigo kwa frasila, na mpagazi alijua kiwango chake akakataa kilichozidi. Mababu zetu walipima mzigo kabla ya kuondoka, na sisi tunaupimia kaunta, mbele ya foleni.

La pili ni vitu vya majimaji. Agosti 2006 polisi wa Uingereza waliwakamata watu waliokuwa na njama ya kulipua ndege zinazovuka Atlantiki kwa milipuko ya majimaji iliyofichwa katika chupa za vinywaji. Tangu hapo viwanja vingi vya dunia vinataka kila chombo cha majimaji katika begi la mkononi kisizidi mililita 100, na vyombo vyote vikae katika mfuko mmoja unaoonyesha ndani, usiozidi lita 1. Wengi hukosea mahali pawili. Kwanza, kinachotazamwa ni ukubwa wa chombo, si kilichobaki ndani yake: chupa ya mililita 200 iliyo nusu itachukuliwa. Pili, majimaji si maji peke yake. Asali, samli, mafuta ya nywele, dawa ya meno, achari, mtindi, siagi ya karanga na manukato, vyote vinahesabiwa humo. Asali ya mzee wetu, hata kama begi lingekuwa na kilo 7, ingeishia kwenye pipa la ukaguzi. Viwanja vichache vyenye mashine mpya vimelegeza sheria hii, lakini mwenye kupita viwanja viwili au vitatu hana dhamana ya vyote. Na mfuko ule wa plastiki msiuogope kwa sababu ya katazo la mifuko lililoanza nchini mwetu tarehe 1 Juni 2019. Mfuko wa kufungika wa kubebea vitu hivi uwanjani ulivumiliwa, kwa sharti msafiri asiutupe ovyo.

La tatu ni dawa, nalo ndilo tunalotaka lisomwe mara mbili. Dawa ya kila siku haishuki chini na mizigo mikubwa, hata kama mhudumu, kiongozi wa msafara au katibu wa kamati ataharakisha. Insulini, dawa za presha, dawa ya pumu ya kuvuta, zote ziwe mkononi, katika vifungashio vyake vya asili, pamoja na barua ya daktari yenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Dawa inayohitajika safarini, kama maziwa ya mtoto mchanga, haifungwi na kiwango cha mililita 100 ilimradi uitaje mapema kwenye ukaguzi. Dawa kali za maumivu zina masharti makali Saudi Arabia, kwa hiyo asizibebe mtu bila cheti. Na ikiwa begi lako litalazimika kushushwa, liambie jina lake hapo hapo: "Ndani mna dawa, naomba niitoe." Hakuna mhudumu atakayekataa.

La nne ni betri. Simu na pawabenki huwekwa begi la mkononi tu, na ni marufuku kuziacha pawabenki katika mizigo ya chini, kwa sababu betri za lithiamu zikishika moto chini hakuna wa kuuzima. Pawabenki ya kawaida yenye maandishi 20,000 mAh ina nguvu ya wati-saa 74, nayo iko chini ya mpaka wa 100 ulioruhusiwa bila kibali. Isiyo na maandishi ya nguvu yake inaweza kuzuiwa. Baadhi ya mashirika sasa yanakataza hata kuitumia angani, basi chaji simu yako kabla ya kupanda.

La tano ni vyenye makali. Mkasi wa kupunguzia nywele baada ya saayi, wembe, kisu cha kumenyea matunda, vyote viende chini. Makka vinyozi ni wengi, wala ibada haitakwama kwa mkasi.

La sita ni maji ya Zamzam wakati wa kurudi. Usiyatie kwenye begi la mkononi, wala usiyafiche katikati ya nguo kwenye begi kubwa, kwani mizigo mingi hufunguliwa kwa ajili hiyo. Yapo maji yaliyofungwa rasmi katika chupa ya lita 5, ambayo hupokelewa peke yake kama mzigo kwa masharti ya shirika lako. Uliza kabla ya kuondoka hotelini.

Baada ya hayo, kilichobaki cha kutia begi la mkononi kinaeleweka chenyewe: pasipoti, viza, kadi ya chanjo, fedha, miwani, na kwa mwanamume shuka mbili za ihram na kandambili zake, hata kama amepanga kuvaa uwanjani. Kwa mwanamke, nguo moja ya kubadilisha na, kama tulivyojifunza, doti ya kanga.

Kifurushi cha jirani

Kuna jambo la mwisho, nalo linahusu tabia yetu njema inayoweza kutuangamiza. Mtu akisikika anasafiri, vifurushi vinamfuata nyumbani: mpelekee shangazi, mpelekee mpwa, ni unga tu, ni dawa ya mitishamba tu. Kwetu kukataa ni ufidhuli. Lakini uwanjani utaulizwa begi hili umelifunga mwenyewe, na kusema ndiyo ilhali kuna kifurushi usichokijua ni uongo. Na Saudi Arabia adhabu ya kuingiza dawa za kulevya inaweza kufikia kifo. Mirungi, ambayo baadhi ya jirani zetu huiona kama majani ya kawaida, huko ni katika vilivyokatazwa. Amana katika dini yetu ni kitu kizito, na huwezi kubeba amana usiyoijua. Mwambie ndugu yako kwa upole: "Kifungue mbele yangu, nikione, kisha nitakufungia mwenyewe." Mwenye nia safi hatakasirika.

Tawakali na kujiandaa

Baadhi ya waumini, tulipoanza kulizungumza hili, walituambia kwamba mgeni wa Allah Mwingi wa Rehma hahitaji hesabu za kilo na mililita, Allah atamsahilishia. Ni maneno matamu. Lakini imepokewa katika Sahih Bukhari, kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hijja bila masurufu, wakijiita wenye kutawakali, kisha wakifika Makka wakawaomba watu, ndipo ikateremka ile aya ya Suratul Baqara inayoamrisha kuchukua masurufu na kutukumbusha kuwa yaliyo bora zaidi ni uchamungu. Aya haikutenganisha mawili hayo. Uchamungu wa mzee wetu ulikuwa mkubwa kuliko wetu sote katika ndege ile. Kilichopungua ni elimu ya jambo dogo la dunia, na elimu hiyo ilikuwa wajibu wetu kumpa.

Darasa letu sasa lina juma la kumi na tatu. Tumenunua mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia kuku sokoni, tukaifunga kwenye mwarobaini wa uani, karibu na lile kasha lenye kitambaa cheusi. Kila msafiri huja na begi lake limeshafungwa, linapimwa mbele ya wenzake, linafunguliwa, na kila kitu kinaulizwa: hiki cha mkononi au cha chini? Watu hucheka sana siku hiyo. Hucheka wanapotoa pasi ya umeme, hucheka wanapotoa ndoo ndogo ya samli, na hakuna anayeaibika, kwa kuwa aibu ya uani mwa msikiti ni nafuu kuliko ya kaunta. Uwanja wa kimataifa wa Msalato utakapoanza kuwapokea wasafiri wetu wa nje, safari ya kwenda Dar es Salaam huenda ikapungua, lakini mizani itakuwa ile ile.

Somo hilo hatulifundishi sisi. Tulimwomba yule bibi wa Kondoa alifundishe. Alikataa mara mbili, akisema hana elimu ya chuo, na mara ya tatu alikubali kwa sharti kwamba maswali ya kina mama yasiahirishwe. Mumewe huja naye, hukaa pembeni na mkoba wenye insulini yake magotini. Tulimuuliza bibi zile kanga ziko wapi. Akasema amezifua, amezikunja, na zimo katika mkoba wake tayari, "kwa kuwa sijui safari ijayo ni ya wapi."

Enyi wakuu wa familia, mnapomwaga mzazi wenu kwenda katika safari hii, msiishie kumpa fedha na kumwombea dua. Kaeni naye chini usiku mmoja kabla, mfungue begi lake pamoja naye, mpime, na mumwulize: kama hili begi kubwa halitafika, utalala vipi usiku wa kwanza? Atakachokitaja, kitieni mkononi mwake.

Tunamwomba Allah Mtukufu awakubalie walioitembelea Nyumba yake, awafikishe wanaoitamani, awape afya wazee wetu, na atusamehe sisi tulioambiwa swali tukasema tutafika huko. Amin.

Wabillahi tawfiq.